Chupa ya Njano

Mwezi wa kwanza, jua la Kitale halina adabu. Mahindi yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua matupu, vumbi linaingia hadi kwenye sahani, na watu waliovaa sweta tangu Juni wanakumbuka ghafla kwamba wana makwapa. Ndiyo maana duka la manukato la Mary Ann lilikuwa limejaa siku hiyo. Nusu ya waliojaa walikuwa wamekuja kujipulizia ya bure na kwenda zao.

Chepkorir hakuja kwa ya bure. Alikuwa amemleta Tabby, mchumba wa ndugu yake Noah, amsaidie kuchagua pafyumu ya kuvaa Jumamosi. Tabby alikuwa msichana wa Kanduyi, pale Bungoma, mwenye duka dogo la nguo na mdomo unaojua kuuza. Jumamosi hiyo ndiyo angefika kwa mara ya kwanza nyumbani kwa kina Noah, juu kwenye miteremko ya Elgon, aonane na mama mkwe ana kwa ana. Noah ndiye aliyesema, "Mwende na Chepkorir. Yeye ndiye anajua mama anapenda nini." Noah alikuwa mtu mwema, yaani mtu asiyeona kinachotendeka mbele ya pua yake.

Mary Ann aliweka chupa mbili juu ya kioo cha meza.

"Siste, na hili joto usichukue zile nzito, utakaba watu," alisema. "Chukua ya matunda. Hizi mbili ndizo zinatoka sana. Hii ya kijani ni ndimu na pasheni. Hii ya njano ni tamu kidogo, ni ndizi mbivu na peasi."

Tabby akapuliziwa ya kijani kwenye kifundo cha mkono huu na ya njano kwenye kile. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Ya kijani ilikuwa na ubaridi wa ndimu iliyokatwa sasa hivi, halafu nyuma yake ukali mtamu wa pasheni. Ya njano ilikuwa ndizi, wala haikujificha: mkungu ulioivia ghalani mpaka ukisukuma mlango harufu inakupokea.

"Mimi naona hii ya kijani, bana," Tabby alisema. "Iko fresh. Ama wewe unasemaje, dada?"

Chepkorir akaushika mkono wenye ndizi, akauinamia, akavuta pumzi. Alijawa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu arudi kwao. Hakuitafuta njia hiyo. Ilikuja yenyewe, imefungwa kwenye chupa.

"Chukua ya njano," alisema. "Mama atakupenda."

Hapa lazima tuseme mambo ya nyuki, maana bila nyuki hamtauelewa ubaya wa neno hilo.

Mama yao, ambaye kila mtu alimwita Mama Noah, alifuga nyuki kwenye mizinga iliyopangwa chini ya mikaratusi, mwisho wa shamba. Hakuvaa wavu wala glavu. Kila mchana wa kiangazi aliwapelekea maji kwenye hori la mbao, akiimba kwa sauti ya chini, nao walimpita usoni kama watu wanaopishana sokoni. Alikuwa na amri moja tu: mtu aliyekula ndizi mbivu asikanyage huko. Chepkorir aliivunja amri hiyo alipokuwa mtoto. Alimfuata mama huku bado akiramba vidole, akaumwa kope na midomo mpaka akabebwa mgongoni, hawezi kulia vizuri. Siku hiyo mama alimweleza, huku akimtoa miiba kwa ukucha: nyuki akikasirika hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo ni kama ya ndizi mbivu. Ukiwaendea unanuka ndizi, umewapigia mbiu wewe mwenyewe.

Na kulikuwa na desturi. Kila mwanamke anayeletwa kuolewa katika boma lile hupelekwa na mama mwenye nyumba akawanyweshe nyuki. Akirudi salama, hulishwa asali na shughuli zikaendelea. Wakimshambulia, wazee hunywa chai yao na kuaga. "Nyuki wamemkataa," watu husema, na hakuna anayewabishia nyuki. Ilishawahi kumpata mchumba wa binamu yao mmoja, na hadi leo hakuna anayelikumbuka jina lake.

Basi Chepkorir alikuwa na nini na Tabby? Hakumchukia kwa kabila, ingawa maneno hayo aliyasema pia jikoni alipokosa mengine. Alikuwa ameolewa, ndoa ikamtapika, akarudi kwao na sanduku moja. Mama hakumuuliza kitu. Alimpa ndoo ya maji na kumwambia, "Twende tukaone nyuki." Tangu hapo alikuwa na pahali pake duniani: kando ya mama, mizingani, na siku za soko Kitale na mitungi ya asali. Hakuwa na pengine. Halafu Noah akampa mama namba ya Tabby, na mama akaanza kucheka na simu. Tabby anasema tuweke asali kwenye chupa za kioo. Tabby anasema Bungoma wanaitafuta sana asali ya mlima. Tabby anasema, Tabby anasema. Jioni moja mama alitamka kwa furaha, kama anayetoa habari njema, "Huyu msichana akija nitamfundisha nyuki." Chepkorir aliendelea kuosha sufuria. Aliiosha mpaka ikakwaruzika.

Kwa hiyo pale dukani alitabasamu, na Tabby akatoka na chupa ya njano kwenye mkoba.

Jumamosi ilifika na jua lake. Wazee walikaa nje kivulini, Noah akiwahudumia. Akina mama walikuwa sebuleni na vitenge vyao vizuri. Mama Noah alikuwa amevaa gauni la kanisani na ugoro wake ameuficha mfukoni. Ugoro huo pamoja na moshi wa mizinga ndio ulioiua pua yake zamani. Maziwa yangeungua mbele yake asijue. Jambo hilo Chepkorir alilijua kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekuwa akimnusia maziwa.

Tabby alipoingia, Chepkorir alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Alimkumbatia sana, pua shingoni. Akanusa ndimu.

"Ile ya njano iko wapi?" aliuliza.

"Iko hapa kwa mkoba," Tabby akamnong'oneza, macho yanang'aa. "Nilirudi kwa Mary Ann nikabeba na ya kijani. Si wewe ulisema ile ingine ndiyo nzuri? Sasa nitavaa aje kitu nzuri kuliko ya mama? Kwetu ukienda kwa mama mkwe, ile nzuri unampea yeye. Wewe unavaa ile imebaki."

"Nipe mimi nimpelekee."

"Aa, dada. Hiyo nataka kumpea na mkono yangu."

Na akampa, mbele ya wote, kwa mikono miwili na goti limekunjwa. "Mama, nimekuletea hii. Si mimi nilichagua, ni dada Chepkorir. Ati alisema hii ndiyo utapenda."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama Noah aliigeuza chupa mikononi kama yai. Hakuna mtu aliyewahi kumnunulia manukato. Alimtazama binti yake kwa jicho la shukrani ambalo Chepkorir angelitoa roho kulipata siku nyingine yoyote.

"Asante, Chepkorir," alisema. "Kumbe ulimpokea mwenzako vizuri."

Shangazi Chepkemoi, mdogo wake marehemu baba yao, mwanamke wa mjini ambaye mizinga aliiona kwa mbali tu, alimnyang'anya chupa kwa utani. "Leta hapa, wewe hujui hizi vitu." Akampulizia shingoni, kichwani juu ya kitambaa, mikononi, kifuani. Chumba kizima kikawa ghala la ndizi, lakini mle ndani aliyeijua amri ya mizinga, mbali na mama mwenyewe, alikuwa Chepkorir peke yake. Mama Noah akavuta hewa na pua yake iliyokufa, akatingisha kichwa kwa heshima.

"Inanukia vizuri sana," akasema. Halafu akainuka, akachukua ndoo. "Haya, msichana wangu. Twende uwape maji wale wengine, wasiseme tumewasahau."

Chepkorir alikuwa amesimama mlangoni. Neno lilikuwa mdomoni, limeshaiva: Mama, unanuka ndizi. Maneno matatu tu. Lakini nyuma yake yalikuwa yamejipanga mengine. Wangeuliza, wewe ulijuaje? Wangesema, si wewe ndiye uliyeichagua? Na mama, ambaye hakuwa mjinga, angeuliza lile moja lisilo na jibu: uliichagua avae nani, akienda wapi?

Akajiambia nyuki wanamjua mama. Mikono ile wameizoea miaka na miaka. Hawatamgusa. Halafu likaja wazo la pili, dogo, baridi, nalo likakaa: na hata wakimgusa, aliyepelekwa kwa nyuki leo si mama. Ni Tabby.

Akasogea pembeni, akawapisha.

"Nendeni tu," alisema. "Mimi nitaangalia chai."

Hakuangalia chai. Alisimama nyuma ya jiko akiwatazama wakishuka, mama mbele na wimbo wake, Tabby nyuma na ndoo, akiinua gauni lisiguse mabua. Waliinama horini. Kwa muda kulikuwa na wimbo na maji yakimiminwa. Kisha sauti ya mizinga ikabadilika. Anayejua nyuki huisikia sauti hiyo na miguu yake, na miguu ya Chepkorir iliisikia, lakini haikutoka pale ilipokuwa.

Tabby angekufa kama si mama. Mama Noah alimsukuma kwa nguvu kuelekea nyumbani, akapiga kelele, "Kimbia! Usinifuate!" na yeye mwenyewe akakimbia upande wa pili, ndani ya mabua, mwanamke mzee na gauni la kanisani, awavute nyuki mbali na mgeni. Wakamfuata. Wote wakamfuata. Hawakuwa na haja na ndimu.

Noah na wanaume walipofika na majani yanayowaka moto, mama alikuwa chini, uso na kitambaa havitofautiani kwa nyuki waliomganda. Tabby alikuwa ameumwa mkononi tu, tena kwa sababu alikuwa amegeuka kumrudia.

Wakati mama anapakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali Kitale, watu walilizunguka gari. Ni Chepkorir aliyelisema lile neno, taratibu, kana kwamba linamuuma.

"Nyuki wamemkataa."

Shangazi Chepkemoi akaguna. Wazee wakatazamana. Hata chai hawakumaliza.

Mama Noah aliishi. Jicho la kushoto halikuishi. Alipokuwa bado amelazwa, ilionekana heri Tabby aambiwe kwa heshima asije tena, na kwa kuwa Noah alikuwa akilia tu na kuzima simu, Chepkorir alijitolea kupeleka neno. Alishuka Kanduyi, akalikuta duka la Tabby karibu na uwanja wa mpira, nguo zimetundikwa hadi nje na bodaboda wakipiga honi za wateja. Tabby alitoka mbio, mkono bado umevimba.

"Mama anaendelea aje? Noah hashiki simu. Niambie, dada, anaona?"

"Jicho moja limeenda," Chepkorir alisema. Hakuketi, ingawa alivutiwa kiti. "Wazee wamekaa. Wamesema nyuki wamekukataa. Sisi kwetu hiyo ikishatokea imetokea. Usinung'unike, na usimpigie Noah. Mwache mama apone."

Tabby aliegemea nguzo ya duka. Hakubisha, hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Yeye ndiye alinisukuma. Angekimbia na mimi asingeumia." Kisha akaingia ndani, akarudi na mfuko: marhamu ya ngozi, miwani ya jua, na ile chupa ya kijani. "Mpelekee. Hii pafyumu pia, nimeitumia kidogo tu. Mimi sitaweza kuivaa tena."

Chepkorir aliupokea mfuko kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu. Kabla hajafika kituoni alikuwa ameutupa mtaroni.

Hivyo ndivyo alivyoshinda. Mama akarudi nyumbani, na sasa hakuwa na mwingine. Chepkorir alimwogesha, alimpikia uji, alimsafisha kovu la jicho kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Maji ya nyuki aliyapeleka yeye peke yake, akiimba wimbo wa mama. Noah alikonda na kunyamaza, lakini Noah angepona, wanaume hupona. Jina la Tabby halikutajwa. Wakati mwingine usiku uji ukichemka Chepkorir alijikuta akitabasamu, na hakujisikia vibaya. Tusimpambe. Hakujisikia vibaya hata kidogo.

Februari ikawa inaisha, mvua bado. Shangazi Chepkemoi akaja kumwona mgonjwa. Chepkorir alikuwa jikoni akikoroga, na alimsikia shangazi akitembea sebuleni akigusagusa vitu, kama kawaida yake, mpaka akafika rafu.

"Ati bado uko na hii pafyumu?" shangazi alisema. Pakasikika mlio wa kupuliza. "Jameni, Mama Noah, mtu anatamani kumenya! Hii ni ndizi tupu. Ndizi mbivu. Sasa mtu anajipaka ndizi?" Akacheka.

Mwiko ulisimama katikati ya uji.

Chupa ikarudishwa rafuni. Halafu sauti ya mama, tulivu, ikauliza habari za watoto wa shangazi, na kama bei ya mbolea imeshuka mjini. Chepkorir akaanza kupumua tena. Siku iliyofuata mama hakusema kitu, wala iliyofuata. Alikula, alishukuru, alilala. Hakusikia, Chepkorir alijiambia. Amezeeka. Hakuelewa.

Kisha asubuhi moja mama alimwita Noah, akamwambia aende Kanduyi. "Mlete msichana wangu," alisema. "Mwambie ni mimi nimemwita, si nyuki."

Walifika mchana, jua limesimama wima. Mama Noah alimketisha Tabby kando yake, akamshika mkono ule ulioumwa, akaugeuza na kuuangalia kwa jicho lake moja. Hakuuachilia. Noah alisimama mlangoni hajui akae au atoke. Chupa ya njano ilikuwa mezani.

"Chepkorir," mama aliita. "Njoo, mama."

Chepkorir akaja akijifuta mikono.

"Unajua pua yangu ilikufa. Wewe ndiye pua yangu tangu zamani." Mama akaisukuma chupa mbele kwa kidole. "Ninusie hii. Inanuka nini?"

Chepkorir akaichukua. Hakuhitaji kuifungua. Alimtazama Noah, akamtazama Tabby, akalitazama kovu alilolisafisha kwa mikono yake kila asubuhi. Neno lilikuwa lile lile la siku ile, na lilikuwa mahali pale pale.

"Maua, mama," alisema.

"Maua gani?"

"Maua tu. Kama waridi."

Tabby alifungua mdomo. Mama akamminya mkono, na Tabby akaufunga.

"Sawa," mama alisema. Aliinuka polepole, akaichukua chupa mikononi mwa binti yake. Akampulizia kichwani, kwenye nywele, akapitisha kidole nyuma ya masikio kama anavyofanyiwa mtoto akienda kanisani. Akampulizia shingo, kifua, mikono yote miwili. Alifanya kwa upole. Chepkorir alisimama wima, na machozi yakaanza kushuka, na harufu ikakijaza chumba mpaka hata Noah akainua uso.

"Maua ni mazuri," mama alisema. "Nyuki hawana neno na maua. Chukua ndoo uwapelekee maji, jua ni kali, wana kiu."

"Mama."

"Naam. Uko na kitu unataka kuniambia?"

Na mama akangoja. Hatuwezi kusema hakungoja. Alisimama hapo na chupa mkononi na jicho moja wazi, akimpa binti yake nafasi yote ambayo yeye mwenyewe hakupewa. Ndizi, Chepkorir angesema. Neno moja, na asingeenda popote isipokuwa barabarani na sanduku lake, mbele ya yule msichana wa Kanduyi akimtazama.

"Hapana, mama," alisema.

Akainua ndoo. Akatoka, akashika njia ya kushuka kwenye mikaratusi, maji yakimwagika kidogo kila hatua.

Mama Noah akarudi kitini pake, akauchukua tena mkono wa Tabby.

"Funga dirisha, msichana wangu," alisema.